Afande na Mstari wa Ndiyo

Alikozaliwa sikujui vizuri, na ukoo wake si kazi yangu kuueleza. Wenye ukoo wapo kaskazini, waulizwe wao. Mimi namjua kuanzia hapa, kwenye ukingo wa bonde letu, nje kidogo ya Kampala, mahali lami inapoishia na mafunjo yanapoanza. Sote tulimwita Afande. Hata watoto wasioweza kulitamka jina la baba yao waliweza kusema Afande. Alikuwa sajini wa polisi, akastaafu, akanunua kiwanja kilichopakana na changu, tukaishi ua kwa ua mpaka mvi zikatukuta sote wawili.

Ninalotaka kusema ni hili. Hakuna mtu kijijini aliyelipenda bonde lile kama yeye. Na walipokuja watu wa mjini kutaka kulizamisha lote, liwe bwawa la maji ya kunywa ya Kampala, ni yeye aliyesimama akasema ndiyo. Mimi nilisema hapana, kwa sababu bonde lile ndilo sufuria yangu. Nakata mafunjo, naanika, nashona mikeka, nabeba mpaka soko la Owino nauza. Hivyo ndivyo nilivyolea watoto, na sasa wajukuu. Basi kati ya ua wake na ua wangu palikuwa na jambo zito, na nitalieleza jinsi nilivyoliona, bila kumpamba wala kumpaka matope.

Marehemu mume wangu alikuwa polisi pia, kwa hiyo Afande aliniita shemeji. Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kambini, cha kuamrisha na kujibu. Majirani Waganda walipotusikia asubuhi walidhani tunagombana.

"Shemeji! Uko?"

"Niko! Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nauliza tu kama uko."

"Basi umejua. Nenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Siku ambayo hakuuliza, nilipanda juu ya kinu kuchungulia kama amekufa.

Kitu cha kwanza mgeni alichojua juu yake ni sauti. Cha pili ni mstari. Chini bondeni kuna chemchemi iliyojengewa saruji, ina mabomba ya chuma yanayotiririka usiku na mchana, kiangazi na masika. Zamani pale palikuwa uwanja wa vita. Wenye nguvu waliwapiga kumbo wenye mimba, vijana wa bodaboda wakaosha pikipiki juu ya mahali watu wanapokinga maji ya kunywa. Afande alipostaafu aliteremka na fimbo yake. Hakumpiga mtu. Alichora mstari mrefu kwenye udongo, akasema:

"Kuanzia leo jerikeni ndiyo inasimama. Mtu akae kivulini. Jerikeni yako ikiwa hapa, wewe uko hapa. Anayegusa jerikeni ya mwenzake, amemgusa mwenzake."

Watu walicheka. Kesho yake alikuwapo tena, na keshokutwa, mpaka kicheko kikachoka. Ukishuka alfajiri unazikuta jerikeni za manjano zimejipanga kama askari wa gwaride, kila moja na alama yake. Yangu ina kamba nyekundu shingoni. Ya Nalongo, jirani yangu wa upande wa pili, imezibwa kwa gunzi. Nalongo ndivyo huku tunavyomwita mwanamke aliyezaa mapacha, na huyu wetu alizaa mapacha wenye mdomo kama wake. Wenye jerikeni tunakaa pembeni, tunasengenya, mstari unasogea.

Siku moja mke wa mkubwa fulani alituma dereva na gari limejaa jerikeni. Bomba la nyumbani kwao lilikuwa limekauka. Dereva akaanza kuzishusha mbele kabisa.

"Mzee, hizi ni za mheshimiwa," alisema.

"Mheshimiwa ana kiu?" Afande aliuliza.

"Ana kiu, ssebo," dereva alijibu kwa heshima.

"Basi apange nyuma. Kiu haina nyota begani."

Dereva alizirudisha garini zikiwa tupu, na tulipiga vigelegele mpaka kona ya barabara. Tulimpenda sana siku ile. Kumpenda mtu ni rahisi akiwa anamkatalia mwingine.

Maji aliyaheshimu kupita kiasi. Bonde zima linavuja maji chini ya nyumba yake, lakini yeye alioga kwa kikombe cha chai. Nakwambia kweli, kikombe. Alinyoa ndevu nje, kioo kidogo kimetundikwa kwenye ua wangu, na yale maji ya kunyolea hayakumwagwa, yalikwenda kwenye shina la pilipili. Nilimwambia, "Afande, hata samaki wanakucheka." Akasema kambini walikuwa na bomba moja kwa nyumba zote, na aliyemwaga maji alikuwa anamwaga ya mtu.

Shati lake la kaki alilipiga pasi ya makaa kila siku, hata kama anakwenda kukata matoke tu. Alikataza ulevi karibu na chemchemi, akawafukuza watu na vichupa vyao, lakini Jumapili alasiri ungemkuta amekaa kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, mrija mdomoni, ameufumbia macho ulimwengu. Ukimuuliza, anasema Jumapili yuko likizo.

Na bonde lenyewe! Jioni alisimama ukingoni, mikono nyuma, akatazama korongo wenye taji wakishuka kulala. Aliyepatikana na manati alifyeka majani ya njia yote ya chemchemini, awe mtoto wa nani. Kuna wakati nzohe, yule paa anayeishi ndani ya maji, alitoka kwenye mafunjo akapotea katika shamba la mihogo. Vijana wakaja na mapanga, mate yanawatoka. Afande akaingia katikati, akanyoosha mkono.

"Simama hapo! Huyu yuko chini ya ulinzi."

"Afande, hiyo ni nyama!"

"Ni mshukiwa. Nampeleka mwenyewe."

Akamswaga polepole, anamsemesha kama mlevi anayerudishwa nyumbani, mpaka mnyama akayaona mafunjo akazama. Kwa muda mrefu watu waliuliza kama ile kesi imeshaamuliwa.

Sindano ninayoshonea mikeka alinitengenezea yeye, kwa njiti ya mwavuli uliovunjika. Panga langu alilinoa yeye. Alijua vizuri kabisa ninavyokula.

Kisha wakaja watu wa mradi. Waliingia bondeni na vifaa vya kupimia, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, na baadaye mwenyekiti wa kijiji akatuita mkutano kwenye uwanja wa shule. Bwana wa mradi alikuwa mtu mpole, gambuti zake bado mpya. Alieleza kwamba Kampala imekuwa kubwa, maji ya ziwani yanasukumwa kwa mashine na hayafiki kwenye vilima vya upande huu. Ukuta utajengwa shingoni mwa bonde, maji yajae, yasafishwe, yapande mjini. Mafunjo yatazama, na chemchemi, na mashamba ya chini. Watu wa chini watalipwa fidia. Watu wa juu, kule barabarani, watapata bomba mpaka uani. Lakini kwanza kijiji kipige kura.

Sote tulimgeukia Afande. Tulimngoja achore mstari awaambie wapange nyuma. Yeye aliinuka akauliza swali moja tu.

"Maji hayo yatafika wapi?"

Bwana wa mradi akaonyesha kwenye karatasi kubwa. "Mengo yote, mzee. Na Nakasero, na huku..."

"Mengo," Afande alisema. Akakaa.

Nilimwona uso, nikajua hatachora mstari.

Mengo ndiko anakofanya kazi binti yake. Ni nesi katika kliniki ndogo ya kujifungulia. Alikuwa akija kumwona baba yake siku za mapumziko, mikono imepasuka kwa dawa za kuulia wadudu. Kabla ya habari ya bwawa kulikuwa na kipindi nilimwona Afande akipakia jerikeni kwenye bodaboda mara kwa mara, anazifunga kwa mpira, anapanda nyuma yake anakwenda mjini. Alikuwa amezipanga mstarini kama kila mtu, hakuruka hata moja. Mimi nilidhani amegeuka mchuuzi.

"Afande, siku hizi unauza maji ya chemchemi?"

"Ndiyo," alinijibu, akaondoka.

Nalongo ndiye aliyefichua. Alikwenda Mengo kumwona dada yake aliyejifungua, akamkuta Afande kwenye korido anamimina maji kwenye pipa, kaptula imelowa. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka. Dada yake alimsimulia jinsi nesi alivyomwosha kwa maji yake mwenyewe ya kunywa, mtoto akiwa ameshatoka na beseni likiwa tupu. Nalongo alitusimulia huku analia. Lakini kulia ni kulia, na bonde ni bonde. Nalongo huyo huyo ana shamba la mayuni, yale magimbi, kule chini.

Mkutano wa pili ulikuwa mbaya. Afande alisimama kabla hajaitwa.

"Mimi nasema ndiyo. Ukuta ujengwe."

Uwanja ulichafuka. Nalongo akapiga makofi ya hasira. "Afande! Wamekulisha nini hawa?"

"Sijala kwao hata karanga."

"Basi umerogwa!"

Mimi nilinyanyuka. "Afande, nitazame. Mafunjo yakizama nitashona nini? Maji?"

Alinitazama. Mwingine angetazama chini. "Shemeji, sijui utashona nini. Siwezi kukudanganya kwamba najua."

Bwana wa mradi akaona nafasi, akasogea na tabasamu. "Mama, kutakuwa na mafunzo ya ufugaji wa..."

"Wewe nyamaza," Afande alimkata. "Usimwahidi huyu mama kitu ambacho hukuja nacho." Kisha akanigeukia tena. "Wewe unakufa njaa polepole, shemeji. Kule Mengo, bila maji, wanakufa mara moja. Nimepima. Nimekosa mahali pa kukwepa."

"Umenipima mimi?" nilimuuliza. "Nani alikupa mizani?"

Tangu siku hiyo mambo yakawa makali.

Chemchemini jerikeni yake ilianza kuhama. Aliiweka kwenye mstari alfajiri, akakaa mbali, kwa sababu hakuna aliyemsogelea tena. Akirudi anaikuta mkiani, au imetupwa kwenye majani, mdomo chini. Aliiokota, akaifuta kwa kiganja, akaiweka mwisho. Hakuuliza nani. Mimi nilijua ni nani, niliwaona, na nilikaa nikiendelea na hadithi yangu. Sikuwa na huruma naye wakati ule, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nayo.

Asubuhi moja alisimama kwenye ua. "Shemeji! Uko?"

Nilikuwa napepeta maharage. Nikapepeta.

"Shemeji?"

Ungo ukaendelea. Nikasikia viatu vyake vikiondoka, na hakuuliza tena.

Vijana walimwendea na mawe, mchana kweupe. Nilikuwa uani, niliona yote. Walikuwa kundi zima, wanapiga kelele kwamba msaliti atoke. Alitoka anafunga vifungo vya shati, cha juu mpaka cha chini, hana haraka.

"Mmekuja kunipiga?"

"Ndiyo! Umeuza bonde!"

"Sawa. Pangeni mstari." Akanyoosha kidole ardhini. "Wa kwanza nani? Asogee hapa. Wa pili nyuma yake. Sitaki fujo kwenye ua wangu."

Walitazamana. Kila mmoja alimtazama mwenzake awe wa kwanza. Jiwe moja likaanguka chini, mtu akakohoa, na mwisho wakaondoka wakitukana kwa sauti za watu wanaoona aibu. Mimi nilirudi ndani. Sijui ningefanya nini kama wa kwanza angepatikana.

Lakini usidhani basi alikuwa mtu wa mradi. Trekta yao ilipokuja kufungua njia na kukanyaga mafunjo yangu niliyokuwa nimeyaanika, nilisikia sauti ile bondeni. Alikuwa amesimama mbele ya trekta, amevaa shati lake la pasi.

"Hapa hapajapigiwa kura! Zima!"

"Mzee, si wewe uko upande wetu?" dereva alishangaa.

"Niko upande wa ndiyo. Sio upande wa kukanyaga mali ya mtu. Rudisha chuma hiki nyuma."

Wakarudisha. Akainama, akakusanya mafunjo yaliyovunjika na yasiyovunjika, akayatenga. Aliniona juu ya njia. Sikushuka kumsaidia, na hakuniita. Siku ile nilimchukia zaidi. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningepumzika.

Kura ilikawia. Na katika kukawia huko kiharusi kikampiga Afande, anapiga pasi, tukasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Mimi na Nalongo ndio tuliovunja mlango. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa, mdomo umekwenda upande. Binti yake akaja akamchukua Mengo. Nyumba ikafungwa, mipilipili ikakauka. Chemchemini kumbo zikarudi kidogokidogo, mpaka siku Nalongo mwenyewe alipompiga mtu kwa jerikeni.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari, kama tunavyowachagua wenyeviti. Hakuna karatasi wala sanduku. Unasimama hadharani upande unaoutaka, mwenyekiti anapita anagusa bega kwa bega, na aliyeguswa amehesabiwa. Afande ndiye aliyekuwa akisimamia kura zote za kijiji miaka iliyopita, na sheria zake zilikuwa zinajulikana: awe mkazi, na awe amesimama. Aliyekaa hahesabiwi, kwa sababu aliyekaa anaweza kusema baadaye alikuwa anapumzika tu.

Watu wa ndiyo walipanga kwenye goli la juu la uwanja wa shule, wa hapana tukapanga goli la chini, tunatazamana. Polisi walikuwa wameegesha gari pembeni, na kijana wa mradi anapiga picha. Watu wa juu walikuwa wengi. Sisi pia tulikuwa wengi. Ukitazama kwa jicho huwezi kusema nani zaidi, na ndiyo maana hakuna aliyetaka hata kwenda kujisaidia.

Nalongo alikuwa amemwacha mtoto mgonjwa nyumbani. Akaona mambo yanachelewa. Akachukua jerikeni yake, ile ya gunzi, akaisimamisha mbele yangu katika mstari wetu.

"Narudi sasa hivi," aliniambia. "Mimi niko hapa."

Goli la juu wakaanguka kicheko. Wetu wakakasirika. "Mnacheka nini? Hapa kwetu jerikeni ni mtu! Kila mtu anajua!" Mwenyekiti akakuna kichwa. Bwana wa mradi akauliza kuna nini, akaelezwa, hakuelewa, akaelezwa tena. Wengine katika mstari wetu walishaanza kutazama jerikeni zao, maana walioogopa kamera walikuwa wengi.

Hapo gari la kukodi likaingia uwanjani. Binti wa Afande akashuka, akafungua mlango wa upande wa pili, akamtoa baba yake. Amekonda, shati la kaki limepigwa pasi, mkono mmoja unaning'inia.

Mwenyekiti alimkimbilia kama mtu aliyeona mwokozi. "Afande, tuambie. Jerikeni inahesabiwa?"

Maneno yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Ya maji... ni kwa maji. Hapa... mtu. Kwa miguu yake."

"Umetoka kitandani kuja kutumaliza!" Nalongo alipiga kelele. Lakini aliiondoa jerikeni, akasimama mwenyewe, akamtuma jirani aliyekuwa anatazama tu akamwangalie mtoto.

"Na wewe, Afande, kaa kwenye kiti," mwenyekiti alisema. "Tutakuhesabu umekaa. Kila mtu anakuelewa."

"Hapana."

"Afande, wewe ni mgonjwa."

"Aliyekaa... hahesabiwi." Akaanza kwenda.

Binti akamshika mkono. Mtu katika mstari wetu akapaza sauti, "Huyo si mkazi! Mgeni asiingie kwenye mstari!" Na ilikuwa kweli. Afande mwenyewe aliutoa mkono wa binti yake, akamwonyesha kwa kidevu abaki garini. Akaendelea na fimbo. Hatua, anapumzika. Hatua, mguu mmoja unaburuta majani. Katikati ya uwanja akasimama, na nikaona kwamba hasogei tena. Goli la juu lilikuwa bado mbali. Wenzake wa ndiyo hawakuthubutu kutoka mstarini wasije wakapoteza nafasi. Wetu walikuwa wanangoja aanguke. Sitasema uongo, nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Bado kidogo."

Nikatoka.

"Jjajja! Bibi, unakwenda wapi?"

"Mama! Rudi! Watakuhesabu kule!"

"Mnishikie nafasi," nilisema. "Na ole wake atakayeichukua."

Nilifika nikaichukua fimbo, nikaushika mkono wake ulio hai. Alikuwa ananuka dawa.

"Shemeji," alisema. "Watakuzomea."

"Tembea."

"Unajua... nakwenda kuzamisha mafunjo yako."

"Najua unakokwenda. Mimi si kipofu. Nyanyua mguu."

Tukaenda. Kijana wa mradi akatupiga picha, bwana wa mradi akatabasamu akidhani nimebadilika. Nilimtazama, tabasamu likamwisha. Nilimfikisha Afande mwisho wa mstari wao, nikaikita fimbo yake mbele, nikauweka mkono wake juu yake, nikamwachia taratibu kama unavyomwachia mtoto anayejifunza.

"Umesimama?"

"Nimesimama. Nenda... kwenu."

Nikarudi nusu mbio, miguu yangu yenyewe ikinilaumu. Nafasi yangu ilikuwapo. Hakuna aliyenizomea, lakini hakuna aliyesogea kunipisha vizuri pia.

Mwenyekiti akaanza kwao, kutoka mbele. Bega, bega, bega, anahesabu kwa sauti. Afande alikuwa wa mwisho. Kutoka tulipokuwa niliuona mguu wake unavyocheza ndani ya suruali. Mstari wao ulikuwa mrefu na mwenyekiti hana haraka. Mimi ninayetaka mstari ule uwe mfupi, ninayetaka kila mtu wao apatwe na kizunguzungu aondoke, nilijikuta midomo inatembea.

"Simama, mzee. Simama. Bado kidogo. Simama."

Nalongo akanigeukia. "Unamwombea nani, wewe?"

Fimbo iliinama, ikarudi. Mwenyekiti akamgusa mtu wa mbele yake, kisha akauweka mkono wake juu ya bega la kaki, akataja namba. Hapo hapo magoti ya Afande yakakunjika, binti yake akamdaka, wakashuka pamoja mpaka kwenye majani.

Wakatuhesabu sisi. Tulinyooka kama tunangoja mvua. Na mwenyekiti aliposimama katikati kutangaza, kabla hajafungua mdomo nilijua, kwa sababu alikuwa anatazama viatu vyake. Watu wa ndiyo walikuwa wametuzidi. Si kwa mtu mmoja wala wawili, usije ukasema ni yeye. Walituzidi vya kutosha.

Nalongo alikaa chini akafunika uso. Vijana waliwatupia polisi matusi, polisi wakashuka garini, kisha kila mtu akachoka. Bwana wa mradi alipiga makofi kidogo, akaona anapiga peke yake, akaacha.

Nilivuka uwanja. Afande alikuwa amekaa, amemwegemea binti yake, amefumba macho. Tangazo lilimpita akiwa amezirai, na kelele hazikumwambia kitu.

"Nani?" aliniuliza.

"Ninyi."

Nilidhani atashukuru Mungu. Binti yake alitazama pembeni, akijifanya kutafuta kiatu cha baba yake kilichotoka.

"Korongo..." Afande alisema. "Watalala wapi?"

"Unaniuliza mimi? Ungewauliza kabla."

"Na wewe?"

"Nitajua nikifika."

Akatikisa kichwa, mara ya kwanza polepole, kisha hakikuacha kutikisika, na nikaona kwamba analia. Huyu ambaye hata mkewe alipokufa alisimama wima kaburini kama anakagua gwaride. Upande mmoja wa uso ulikuwa unalia na ule mwingine hauwezi. Mistari yote miwili ilikuwa bado uwanjani, watu wa juu na wa chini, na yule kijana wa picha alikuwa anakuja.

Sikumwambia pole na yeye hakuniambia. Nilifungua kitenge nilichojifunga kiunoni, nikasimama mbele yake, mgongo wangu kwake, nikakitandaza kwa mikono yote miwili kama mtu anayekausha nguo.

"Mama, tunaomba usogee kidogo," kijana alisema.

"Zunguka huko," nilimwambia. "Hapa kuna mtu."

Nikakishika hivyo mpaka Afande alipomaliza.